Tende Mwanza: shilingi ya ziada inalipia nini?

Ukiingia sokoni Mwanza kutafuta tende utakutana na bei tatu zilizopishana kiasi cha kukufanya udhani si tunda moja. Ya kwanza ni ya tende za kupima, zilizorundikwa kwenye karai au zikiwa bado ndani ya katoni iliyofunguliwa, zinazouzwa kwa kilo, nusu na robo kuanzia Soko Kuu hadi Mlango Mmoja. Ya pili ni ya tende za boksi na za kopo, zilizopangwa vizuri, zimefungwa kwa nailoni, na picha ya ngamia au mnara wa msikiti juu yake. Ya tatu iko kwenye rafu za supamaketi: kifuko kidogo cha gramu 200 au 250 chenye jani la kijani, na maandishi yanayosema humo ndani mna tende zilizolimwa bila dawa wala mbolea za kiwandani. Hizo ndizo tende za kilimo hai, na kilo yake huweza kufika mara kadhaa ya ile ya karai.

Mnunuzi anayejali afya ya watoto wake anasimama pale akijiuliza kama kuokoa pesa ni kuwalisha sumu. Nitasema mapema ninakoelekea. Kwenye tende, shilingi ya ziada ilipie usafi, aina na upya kwanza, kisha ndipo ilipie cheti cha kilimo hai, tena kama cheti chenyewe ni cha kweli. Ila kabla ya kufika kwenye cheti tupige hesabu, kwa sababu watu wengi hupoteza pesa hapo hata kabla neno la kilimo hai halijatajwa. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Weka bei ya siku ya soko lako mahali pake, njia ya kuhesabu haibadiliki.

Chukua nyumba ya watu sita wanaofunga Ramadhani yote. Kila mmoja anafungua kwa tende tatu. Kwa siku 30 hizo ni tende 540. Tende ya kawaida ya kupima ina gramu saba, nane hivi, tuseme nane. Zote pamoja ni kilo 4 na gramu 320. Kilo ikiwa Sh 6,000, mwezi mzima umetumia Sh 25,920. Sasa nenda kwenye boksi la gramu 400 linalouzwa Sh 4,000. Linaonekana rahisi kwa sababu unatoa noti chache kwa mara moja, lakini kilo yake ni Sh 10,000, na mwezi wako umekuwa Sh 43,200. Kifuko cha kilimo hai cha gramu 250 kwa Sh 9,000 ni Sh 36,000 kwa kilo. Mwezi huo utakula Sh 155,520. Na ukiamua kufuturisha kwa Medjool, zile kubwa nene zenye ngozi ya kukunjamana, punje moja ni gramu 24 hivi. Punje 540 ni karibu kilo 13. Kwa Sh 35,000 kilo, umevuka Sh 450,000, mshahara wa mwezi wa watu wengi mjini humu.

Hapo kuna mtego mmoja. Medjool moja ina uzito wa tende ndogo tatu, na sukari yake vilevile. Mtu aliyezoea tende tatu ndogo hana sababu ya kula Medjool tatu, moja inamtosha. Ukihesabu hivyo, bili inashuka hadi Sh 151,200, karibu sawa na ile ya kifuko cha kilimo hai. Kwa hiyo usilinganishe tende kwa punje wala kwa boksi. Linganisha kwa kilo, na baada ya hapo kwa kilo inayoliwa.

Kilo inayoliwa ndiyo inayowaponza wengi. Kokwa peke yake huchukua sehemu ya kumi ya uzito, na kwenye tende ndogo zilizosinyaa huchukua zaidi. Ongeza zile utakazozitupa. Ukinunua kilo ya karai kwa Sh 6,000, gramu 100 zikawa kokwa na gramu 100 nyingine mbovu, umebaki na gramu 800, maana yake kilo uliyokula imekugharimu Sh 7,500. Boksi lisilo na mbovu hata moja, baada ya kutoa kokwa, limekugharimu kama Sh 11,100. Karai bado linaongoza. Ila likiwa na tende mbovu tatu katika kila kumi, na kokwa juu yake, unakula gramu 600 tu na kilo imefika Sh 10,000. Hapo tofauti ni ndogo, heri uchukue boksi, ulale usingizi. Faida ya karai, basi, ni ya mtu anayejua kuchagua.

Na kuchagua si kutazama kwa juu. Nyuki wanaozunguka karai hawana neno, wao wamefuata sukari. Kinachotakiwa ni kuona ndani.

"Karibu mayu, hizi za Saudia, zimeingia juzi."

"Nipasulie moja, kaka, nione tumbo lake."

"Ukipasua umenunua, mayu."

"Pasua, nitailipia."

Mama huyo anajua anachofanya. Tende ikipasuliwa kwa urefu, nyama yake iwe na rangi moja, inayong'aa kidogo, na kokwa litoke bila kuacha unga. Vumbi jeusi kando ya kokwa ni ukungu. Chengachenga za kahawia zinazofanana na mchanga ni kinyesi cha mdudu aliyeishi humo, na hata kama mwenyewe ameshaondoka huna haja ya kulipia nyumba yake. Chembe nyeupe ngumu zinazosagika kwa jino ni sukari iliyoganda, hazina dhara. Tende ikinuka kama pombe au siki, imeanza kuchacha. Na hapa kando ya ziwa, ambako hewa ina unyevu mwingi kuliko jangwani ilikotoka, karai lililoachwa wazi halichukui muda mrefu kufika huko. Ndiyo maana napendelea muuzaji aliyefungua katoni mbele yangu kuliko mwenye kilima kizuri kilichopangwa tangu juzi.

Kwenye boksi jambo ni tofauti, kwa kuwa huruhusiwi kupasua. Soma. Orodha ya viambato inatakiwa iwe na kitu kimoja, tende. Ukikuta na glukosi, ujue zimepakwa sharubati ya sukari ili zing'ae na zionekane laini, na uzito wa hiyo sharubati umeulipia kwa bei ya tende. Angalia nchi zilikolimwa. "Tende za Dubai" ni maneno ya sokoni. Dubai ni bandari na soko kubwa ambako tende za Iran, Irak, Saudi Arabia na Omani hufungwa upya na kusafirishwa. Tarehe ya kufungwa na ya kuisha ziwe zimechapwa, zisiwe stika iliyobandikwa juu ya nyingine. Bidhaa za chakula zimekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na kubandika tarehe mpya juu ya ya zamani ni kosa, si ujanja wa biashara.

Sasa tuje kwenye lile jani la kijani.

Ili ujue unalipia nini, inabidi ufike kwa mawazo hadi oasisi, yaani pale jangwani ambapo maji yanapatikana na watu wakaweza kulima. Baadhi ya wasomaji wa kanda hii wana ndugu Omani, kwa hiyo tuanzie huko. Mashamba ya mitende ya Nizwa na vijiji vya milimani hunyweshwa kwa falaji, mifereji inayoyatoa maji chini ya mlima na kuyaleta shambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mifereji mitano kati ya hiyo, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa zamu, kwa saa na robo saa, na zamu hizo hurithiwa. Shamba lenyewe ni la ghorofa tatu: juu mitende, katikati ndimu, makomamanga na migomba, chini majani ya mifugo na mboga. Mbuzi hula majani, samadi hurudi shinani. Ukimwambia mkulima wa namna hiyo kwamba anafanya kilimo hai, atakuuliza kuna kilimo gani kingine.

Kazi yake, hata hivyo, si ya kuonea wivu. Mtende una dume na jike. Jike halizai vizuri mpaka mtu apande akalichavushe kwa mkono, kwa maua ya dume. Kisha apande tena kupunguza punje ili zinazobaki zinenepe, apande kuyafunga makole yasivunjike, apande kuyavika neti wadudu na ndege wasiyafikie, apande kuvuna, tena si mara moja, kwa sababu tende za kole moja haziivi siku moja. Mti mmoja hupandwa mara kadhaa kwa mwaka, na vijana wa kijijini wako mjini Muscat kwenye viyoyozi. Wanaopanda leo wengi wao ni vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistan. Zamani waliopanda na kumwagilia walikuwa watu wetu: mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake Slaves of One Master cha mwaka 2015, ameeleza jinsi watumwa kutoka Afrika Mashariki walivyofanya kazi kwenye mitende ya pwani ya Batinah karne ya 19, wakati tende za fardh za Omani zikipakiwa merikebuni kwenda kuuzwa New York. Bei ya tende haijawahi kuwa ya jua na maji peke yake.

Juu ya gharama hiyo ya mikono, weka adui wawili. Wa kwanza ni fukusi mwekundu wa mitende, aliyeingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980. Hutaga kwenye shina, viluwiluwi hula moyo wa mti kimyakimya, na siku utakapoona majani yamelala, mti umeshakwenda. Mkulima wa kawaida huchoma sindano ya dawa shinani. Mkulima wa kilimo hai hana ruhusa hiyo. Ana mitego ya harufu inayowavuta fukusi, ana macho yake ya kukagua shina hadi shina, na ana shoka la kukata mti uliougua na kuuteketeza kabla haujaambukiza jirani. Wa pili ni dubasi, mdudu mdogo anayefyonza majani na kuyapaka utomvu, ambaye Omani imekuwa ikimpulizia dawa kwa ndege. Jiulize mwenyewe shamba la kilimo hai linajilinda vipi dawa inapodondoka kutoka angani. Kuna na chumvi: kila maji ya kisima yanapovutwa zaidi ya yanavyorudi, udongo unazidi kuwa wa chumvi, na mboji peke yake haitibu hilo.

Baada ya mavuno kuna hatua ambayo mnunuzi haioni kabisa. Tende za kawaida, kabla ya kufungwa, mara nyingi hufukizwa kwa gesi ya kuua wadudu. Mojawapo, fosfini, ni ile ile inayotoka kwenye vidonge ambavyo watu hutia kwenye mahindi ya ghalani. Ikifanywa inavyotakiwa na ghala likapewa hewa, gesi huondoka. Tende za kilimo hai hazifukizwi hivyo. Hugandishwa kwenye baridi kali, au hupitishwa kwenye joto, au kwenye hewa ya kaboni dioksaidi. Hiyo ni mitambo na umeme. Na kuna muda wa kusubiri: ili tende iuzwe Ulaya kwa jina la kilimo hai, shamba la mitende lazima likae miaka mitatu chini ya masharti kabla ya mavuno ya kwanza yanayokubalika, na katika miaka hiyo mkulima anabeba gharama za kilimo hai huku akiuza kwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo bei kubwa si uongo. Nyuma yake kuna kazi. Na kwa waliojipanga inalipa: Hazoua, oasisi ya Tunisia mpakani na Algeria, wakulima wameungana kwenye kikundi na wanauza tende zao za kilimo hai moja kwa moja Ulaya. Kuungana ndiko kunakopunguza makali ya cheti, kwani ada ya ukaguzi ikibebwa na kaya moja inaua. Jambo hili si geni kwetu. Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wa pamba wamekuwa kwenye kilimo hai kupitia mradi wa bioRe tangu 1994, na ng'ambo ya ziwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, kimeuza kahawa ya kilimo hai kwa njia hiyo hiyo ya kikundi.

Swali linalobaki ni kama ile kazi imo kweli ndani ya kifuko ulichoshika. Maneno "asilia", "ya asili", "haina kemikali" na yale ya "tende ya sunna" hayana mkaguzi. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa stika anaweza kuyaandika. Alama zenye uzito ni chache. Ile ya Ulaya ni jani lililochorwa kwa nyota juu ya kijani, na karibu yake lazima pawe na namba ya shirika lililokagua, inayoanza na herufi za nchi, pamoja na maneno yanayosema mazao yamelimwa ndani au nje ya Ulaya. Jani likiwa peke yake bila namba, rudisha rafuni. Ya Marekani ni duara lenye jina la wizara yao ya kilimo, USDA. Sisi wenyewe tuna Kilimohai, alama ya kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, ambayo hapa nchini husimamiwa na TOAM, yaani vuguvugu la kilimo hai Tanzania. Itafute zaidi kwenye mazao ya kwetu kuliko kwenye tende.

Tuseme cheti ni cha kweli. Bado kwa mfuko wa kawaida wa Mwanza nashauri usianzie hapo. Tende huning'inia juu, mara nyingi imevikwa neti, imekaukia mtini kwenye jua kali. Nyanya hukaa chini, ngozi yake laini unaila, na mkulima wake anapigana na mdudu kantangaze na ukungu akiwa na bomba la dawa mgongoni msimu mzima, mara nyingine hadi siku chache kabla ya kuvuna. Familia ile ile ya watu sita inakula nyanya siku 365. Ikiwa una Sh 130,000 za kutumia kwa mwaka ili kupunguza dawa mezani, ambayo ndiyo tofauti kati ya karai na kifuko katika hesabu yetu, mtafute jirani wa Kisesa au Buswelu anayelima mboga kwa samadi, umlipe vizuri kidogo. Pesa itafanya kazi kubwa zaidi. Wanaouza vifuko watanuna, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Kama pesa ipo na unataka kununua bora, mimi ningelipia aina. Ajwa ya Madina watu huinunua kwa imani, na imani haina kilo, siingii humo. Sukkari ya Qassim ni laini, rangi ya asali, tamu kupita kiasi. Moja na kahawa chungu inatosha. Mazafati ya Bam, Iran, nyeusi na yenye maji mengi, ndiyo inayofanana zaidi na tende mbichi, lakini inataka friji kuanzia bandarini hadi kwako. Nikiikuta kwenye meza ya barabarani saa nane mchana, napita. Khalas ya Omani ni ya kuaminika. Deglet Noor ya Tunisia na Algeria ni ngumu kidogo, haichafui mikono, hukaa muda mrefu, na ukitaka kujaribu kilimo hai chenye cheti hiyo ndiyo utakayoipata kirahisi, maana Tunisia imejijenga hasa huko. Medjool ina kisa chake: asili yake ni Morocco, ugonjwa wa bayoud ukaangamiza mitende huko, na mwaka 1927 machipukizi 11 kutoka oasisi ya Boudenib yakapelekwa Marekani, tisa yakapona. Medjool nyingi zinazoliwa leo duniani zimetokana na hayo tisa.

Kuhusu upya, kalenda imeanza kutupendelea. Nchi za Ghuba na Afrika Kaskazini huvuna hasa kati ya Agosti na Oktoba. Ramadhani ya 2018 iliingia katikati ya Mei, kwa hiyo tende tulizofuturia zilikuwa na miezi saba na zaidi ghalani. Ya 2027 inatarajiwa karibu tarehe 8 Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Mavuno mapya yanakuwa na miezi mitatu, minne tu. Basi mwulize muuzaji tende ni za mavuno gani. Akionyesha katoni iliyofungwa mwaka mmoja nyuma zaidi wakati mpya zimeshaingia, hiyo ni sababu nzuri ya kupunguziwa. Na nunua kabla ya Shaaban kuisha. Bei haisubiri mwezi uandame.

Wapo wanaoniuliza, kwa nini tusipande wenyewe? Maji tunayo kuliko hao wa jangwani. Ndiyo tatizo lenyewe. Mtende hutaka miguu kwenye maji na kichwa kwenye moto, na sisi tuna maji ila moto hatuna. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, joto la mchana ni la wastani, na mvua za vuli na za masika zinalowesha tunda lisilotaka tone likiwa linaiva. Ndugu yake wa porini, mkindu, yuko hapa hapa kwenye maeneo oevu ya ziwa, ametulea kwa mikeka, na vitunda vyake ni ngozi na kokwa. Kaskazini mwa Kenya, Lodwar kando ya mto Turkwel, mitende inazaa kweli, maana pale kuna jangwa na mto. Unyanyembe, Tabora, nako Waarabu wa misafara waliipanda, na Dodoma watu wanajaribu. Kwa aliye Misungwi au Magu anayeshawishiwa kununua miche, aulize jambo moja: imetoka kwenye mbegu, kwenye chipukizi au maabara? Miche ya mbegu nusu yake itakuwa madume, na majike hayatafanana na mama yao. Utalijua hilo baada ya miaka minne, mitano ya kumwagilia. Mti utapendezesha ua, hilo silikatai.

Kuna chaguo moja ambalo halimo kwenye rafu yoyote ya supamaketi, nalo ni michembe na matobolwa. Viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, au vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, ndivyo Wasukuma wamekuwa wakivitunza kwa miezi ya njaa tangu enzi. Matobolwa yaliyopikwa na karanga yana utamu wa kutosha kwenye futari, yanashibisha, na viazi vingi vya nyumbani hulimwa bila dawa hata kama hakuna mkaguzi aliyewahi kufika. Ukipata ya viazi vya rangi ya chungwa, una na vitamini A ambayo tende haina ya kutaja. Sisemi mtu afungue swaumu kwa matobolwa. Tende moja ni heshima yake. Nasema zile mbili zinazofuata si lazima ziwe tende, na wenye kisukari wakumbuke kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari.

Mwisho ni kuhifadhi, ambako watu wa ziwani tunashindwa kirahisi. Tende kavu ikitolewa kwenye mfuko wa sokoni, ikatiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana au kopo la maziwa lililokauka vizuri, itakaa miezi bila friji. Laini zigawe kwenye vifuko vya wiki moja moja, zigandishe, utoe kimoja kimoja. Kama friji huna, acha kununua laini kwa wingi, hata bei iwe nzuri vipi. Na kama mko majirani wawili, nunueni katoni ya kilo 10 iliyofungwa, mpasue tende tatu za katikati mbele ya muuzaji, mgawane. Kila nyumba ya watu sita itapata kilo tano: nne na kitu za kufuturu, zilizobaki za kukoroga kwenye uji wa watoto wasiofunga.